Mbaya ni nani hasa? Wema na uovu ndani ya watu wa hadithi za kale

Vijana wa sekondari hapa Lamu wakija barazani na kitabu mkononi swali lao huwa ni moja tu, humu ndani mwema ni nani na mbaya ni nani, manake mtihani wataka jibu na wao wataka sentensi moja ya kuandika waende zao. Iago mbaya, Othello mwema ila ana wivu. Shylock mbaya, Antonio mwema. Liyongo shujaa, mwanawe msaliti. Majibu haya si uongo, lakini ukiishia hapo utakuwa umeshika orodha ya majina tu, hujaona kwanini watu bado wasoma tamthilia ya miaka mia nne iliyopita, wala kwanini wazee wetu bado wana mashairi ya Liyongo kichwani. Nataka nilifungue jambo hili taratibu kwa sababu nalipenda na naona lafundishwa kwa haraka mno.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna hadithi ambapo mhusika ndiye sifa yenyewe, yaani ametengenezwa kubeba jambo moja na halitoki. Shaaban Robert alikuwa bingwa wa hii. Kwenye Kusadikika, kitabu cha 1951, anayesimama mahakamani kujitetea aitwa Karama na anayemshtaki ni waziri aitwae Majivuno, basi hata hujafungua ukurasa wa pili washajua utakaa upande gani. Tendi zetu za vita nazo ni hivo, chukua Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, pale kuna jeshi la Waislamu na kuna jeshi la Herekali mfalme wa Rumi, na msikilizaji hahitaji kuambiwa amwombee nani ushindi. Walimu wa fasihi huwaita wahusika wa namna hii bapa. Wengine hulitumia neno hilo kama tusi na mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu hadithi ya namna hii ina kazi yake, inakuonyesha sifa ikiwa safi bila mchanganyiko ili uijue ukiiona mtaani, na watu wamelelewa kwa hadithi hizi karne na karne.

Alafu kuna aina ya pili, na hapa ndo kazi ilipo. Hapa mwandishi hakupi sifa iliyovaa nguo, akupa mtu. Ana sababu zake, ana machungu yake, pengine hata ana haki kidogo, na bado afanya jambo baya kabisa huku wewe msomaji umekaa pembeni wamuona na huwezi kumshika mkono. Kwa hii aina ya pili mimi huwaambia vijana waache kuuliza mbaya ni nani, watafute mahali pamoja tu: pale ambapo huyu mtu angeweza kurudi nyuma na hakurudi. Kwenye vitabu vikubwa pahala hapo huwepo karibu kila mara, mwandishi amepaweka makusudi, na ukipaona umeona kitabu kizima.

Tuanze na wa kwetu. Utendi wa Liyongo tulionao sisi wengi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa hapahapa Lamu mwaka 1913, akikusanya yaliyokuwa yakisimuliwa na kuimbwa zamani. Kisa chajulikana. Fumo Liyongo ni jitu la nguvu, mshairi, mpiga mishale, na sultani wa Pate amuogopa kwa kuwa watu wampenda. Wajaribu kumuua kwa hila ya makoma, matunda ya mti uitwao mkoma, wayale kikoa yaani kwa zamu, kila mtu siku yake apande mkoma aangue, wakijua zamu ya Liyongo ikifika na yuko juu ya mti watampiga mishale. Yeye hakupanda, aliyatungua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Wamfunga, atoroka. Silaha zote hazimuui. Mwisho sultani amwita mwanawe Liyongo mwenyewe, amuahidi cheo na kumuoza binti yake, na kijana aenda kwa babake kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kukuua wewe baba.

Hapo simama. Kijana amefika, amepokewa kama mtoto anavyopokewa, amekula kwa babake, amelala kwa babake. Na baba amwambia. Amwambia ni sindano ya shaba, ikipigwa kitovuni. Watu hubishana sana kwanini Liyongo alisema, kuna wanaosema alikuwa ashashuku na alisema hivohivo, kwamba mtu mkubwa hawezi kumficha mwanawe. Lakini mimi macho yangu yako kwa yule kijana. Kabla ya jawabu lile alikuwa ametumwa tu, na mtu aliyetumwa aweza kurudi akasema nimeshindwa, hakuna ambaye angemlaumu kwa kushindwa na Liyongo ambaye jeshi zima limemshindwa. Baada ya jawabu lile amepewa imani yote ya babake mkononi. Akaenda Pate, akatengenezewa sindano, akarudi, na akangoja mpaka mzee amelala usingizi mzito. Safari ile ya kwenda na kurudi ndio ubaya wenyewe. Kila hatua ilikuwa na nafasi ya kugeuka, alikuwa na wakati mrefu wa kufikiri kuliko msaliti yeyote ninaemjua, na wakati wote ule alichokiona mbele yake ni harusi.

Harusi hakuipata. Masimulizi yanatofautiana hapa, kuna yanayosema waliomtuma ndio waliomuua na kuna yanayosema alifukuzwa akafa kwa maradhi, lakini yote yamekubaliana kwamba mke hakuozwa.

Sasa kuna kitu kingine kwenye kisa hikihiki ambacho darasani hakisemwi. Mwingereza mmoja, Edward Steere, aliyekuwa Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Waswahili na ndani yake mna kisa cha Liyongo kwa nathari, miaka mingi kabla ya utendi wa Kijumwa. Pale mwanzo kabisa yasemwa Liyongo alikuwa mtu wa nguvu sana, mkubwa wa mji, na aliwaudhi watu mno hata wakafanya shauri kumfunga. Aliwaudhi watu! Yaani kwenye msimulizi mmoja ni shujaa anayeonewa na sultani mwenye kijicho, kwenye mwingine ni mbabe aliyewachosha jirani zake. Mtu mmoja, sindano ileile, kisima kilekile alichopiga goti karibu yake na upinde umevutwa akafa hivohivo, na watu wakakaa na kiu kwa kuogopa maiti wakidhani yu hai. Kwa hivo kabla hujasema mwema ni huyu uliza pia nani asimulia, na aliyesimulia alikuwa amekaa upande gani wa ukuta. Hii haifuti ubaya wa yule kijana, manake hata kama Liyongo alikuwa mbabe kwa mji mzima kwa mwanawe alikuwa baba aliyemwambia siri yake. Ndo maana nikasema kile kituo cha kurudi ni muhimu kuliko jina la shujaa, hicho hakibadiliki hata msimulizi akibadilika.

Twende kwa Iago, ambaye nadhani ndiye mtu mbaya anayetajwa kuliko wote kwenye tamthilia za dunia. Othello, tamthilia ya Mwingereza William Shakespeare, ilichezwa mara ya kwanza London kama mwaka 1604. Iago ni askari, amekosa cheo, bosi wake Othello amempa Cassio kazi ya unaibu, na kutokana na hapo atengeneza fitina mpaka Othello anamuua mkewe Desdemona ambaye hana kosa hata la punje. Ukiuliza kwanini afanya yote haya utakuta sababu nyingi mno, mara ni cheo, mara amesikia ati Othello amelala na mkewe na hana uhakika lakini aamua ichukuliwe kama kweli, mara ampenda Desdemona mwenyewe. Sababu zinazobadilikabadilika hivi wataalamu wamezigombania miaka. Mshairi Mwingereza Coleridge alisema huyu ni uovu unaojitafutia sababu baada ya kuwa umeshaamua, na hapo mimi niko naye.

Na kituo chake kipo. Wengi hukipita kwa kuwa ni mistari michache tu, tendo la pili, Iago yuko peke yake jukwaani na hamna wa kumdanganya, na asema kwa mdomo wake kwamba Othello ni mtu mwenye tabia thabiti, mwenye upendo, muungwana, na kwamba atakuwa mume mzuri kwa Desdemona. Asema! Kwa hivo ajua. Hakudanganyika kuhusu Othello kama watu wanavyojidanganya kuhusu adui zao, amemuona vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani na palepale sentensi inayofuata aendelea na mipango. Huku mitaani twajua mtu wa fitina kwamba ni mtu aliyesikia vibaya au aliyechukia bila kujua, Shakespeare atuonyesha mwenye fitina aliyejua wema ni upi na akauona kwa macho yake. Na mwisho akikamatwa akaulizwa kwanini, akataa kusema, asema toka leo sitatamka neno. Mtu aliyeua kwa maneno afunga mdomo siku ambayo neno lingeweza kuwapoza waliobaki.

Macbeth, wa Shakespeare huyohuyo, nitamtaja mbio tu, yeye kituo chake chajulikana na kila mtu: amwambia mkewe tusiendelee na jambo hili la kumuua mfalme, amenitendea wema, na mkewe amcheka uanaume wake, basi akaendelea. Akishaingia ndani ya damu asema amefika mbali hata kurudi ni kazi sawa na kuendelea.

Neno hilo la kwamba kurudi hakuwezekani ndilo linanileta kwa kitabu ambacho wazazi wa huku huwa na wasiwasi nacho, utenzi wa John Milton wa mwaka 1667 uitwao Paradise Lost, unaomsimulia Shetani kuanguka kwake na hila yake kwa Adam na Hawa. Wasiwasi wauelewa, manake Milton amempa Shetani ulimi mtamu kupindukia, hotuba zake za mwanzo zasisimua, na mshairi William Blake alikuja kusema kwamba Milton alikuwa upande wa Shetani bila yeye kujua. Mimi nasema Blake hakufika sehemu ya nne kwa utulivu. Pale Shetani amekaa peke yake, karibu na bustani, na moyo wamuuma. Akiri kwamba Mungu hakumdhulumu, akiri kwamba kushukuru kulikuwa jambo jepesi, na ajiuliza kama hakuna tena nafasi ya kutubu. Ajijibu: ipo, lakini ni kwa kunyenyekea, na hilo kiburi chamkataza, na tena aona haya mbele ya wale aliowapoteza akawaahidi makubwa. Aona haya mbele ya wafuasi wake! Jambo dogo la kijamii kama hilo ndilo lililomzuia. Kisha aamua kwamba toka hapo uovu ndio utakuwa wema wake.

Yule aliyesoma madrasa hapa kisiwani hatashangaa. Kwenye sura ya Al-A'raf Iblis akiulizwa kilichomzuia kusujudu asema mimi ni bora kuliko yeye, mimi umeniumba kwa moto na yeye umemuumba kwa udongo, na baadae aomba muhula, haombi msamaha. Mbele kidogo tu kwenye sura hiyohiyo Adam na Hawa nao wamekosa, na wao wasema Mola wetu tumezidhulumu nafsi zetu. Masheikh wetu hulisomesha hili tangu sisi wadogo: kukosa walikosa wote, waliotofautiana ni kwenye kurudi. Simchanganyi Milton na Qur'ani, kile ni kitabu cha mshairi na hiki ni maneno ya Mola, lakini msomaji wa Lamu anapofika sehemu ya nne ya Milton anayo tayari elimu ya kumuelewa huyo Shetani vizuri, na ule ulimi mtamu hautamhangaisha.

Shylock ndiye mgumu. Nimewaona watu wakitoka wamegombana barazani kwa sababu ya Shylock, na ni haki yao kugombana. Twamsoma kwa Kiswahili tangu 1969, Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, akiwa bado rais, na lugha yake ni safi ajabu. Shylock ni Myahudi mkopeshaji, Antonio mfanyabiashara Mkristo aja kukopa kwake dukati 3000 kwa miezi mitatu, na mkataba wasema akishindwa kulipa Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Merikebu za Antonio zasemekana zimezama, siku yafika, kesi yaingia mahakamani.

Kabla hujamhukumu Shylock rudi nyuma uone alivyofanywa. Antonio amemtemea mate hadharani, amemwita mbwa, na hata siku ya kuja kukopa amwambia wazi kwamba atamwita hivo tena na atamtemea tena. Bintiye ametoroka na kijana wa kundi lile la Antonio, amebeba na pesa na vito, ikiwemo pete aliyopewa Shylock na marehemu mkewe. Na ndipo atoa ile hotuba ambayo kila mtu aijua, kwani Myahudi hana macho, hana mikono, mkituchoma hatutoki damu, mkitutia sumu hatufi, na mkitudhulumu tusilipize? Ukiisoma mpaka hapo moyo wote uko kwake. Ila uangalie sentensi ya mwisho ilipomfikisha: hoja yake ya utu imeishia kwenye haki ya kulipiza kisasi.

Kisha mahakamani. Bassanio, rafiki wa Antonio, aweka mezani dukati 6000 badala ya 3000. Akataa. Anoa kisu kwenye soli ya kiatu chake, mbele ya watu wote, mbele ya yule atakayekatwa. Portia, mke wa Bassanio aliyejifanya wakili, amuuliza, je umeleta tabibu, asije akatokwa damu akafa? Na Shylock auliza: kwani imeandikwa kwenye mkataba? Aangalia, haioni, asema sioni, haimo. Hapo ndo pake. Ameombwa kitu kidogo sana, hakuombwa hata asamehe, ameombwa amwite tabibu, na yeye aliyeuliza kwani sisi hatutoki damu sasa aitafuta damu ya mwenzake kwenye karatasi na haioni.

Lakini usifunge kitabu, manake mwisho wa kesi ile wabaya wabadilisha viti. Portia amnasa kwa mkataba wake mwenyewe, chukua nyama lakini tone la damu lisimwagike, na Shylock apinduliwa, nusu ya mali yamtoka, na Antonio, yule mwema wa mtihani, ataka pia Shylock abadilishwe dini kwa lazima. Muda mfupi kabla ya hapo Portia ametoa maneno mazuri kabisa kuhusu rehema, kwamba haishurutishwi, yashuka kama mvua. Sasa rehema imefika zamu yao wao waitoe na wametoa kitu gani? Mtu avuliwe dini yake na waite huko ndiko kumuonea huruma. Kijana akiandika kwenye mtihani Antonio ni mwema simkosoi, ila namuomba aongeze mstari kwamba Antonio naye alipewa nafasi na akaitumia namna ile.

Nimesema sana juu ya uovu na wema nimeuacha nyuma, na ni kweli waandishi wengi hushindwa na mtu mwema, wamfanya mpole asiye na damu mpaka msomaji achoka naye. Aliyefanikiwa kwangu mimi ni Victor Hugo, Mfaransa, kwenye Les Misérables ya mwaka 1862. Jean Valjean ameiba mkate, amekaa jela jumla ya miaka 19 kwa sababu alikuwa akitoroka, atoka na moyo mgumu, askofu ampa malazi, yeye aiba vyombo vya fedha vya askofu, na akirudishwa na polisi askofu asema mbona hukuchukua na vinara hivi nilivyokupa. Watu wengi husimulia kana kwamba hapo alitakasika. Hugo hakufanya hivo. Baada ya wema ule wote Valjean amkuta mtoto njiani na amkanyagia sarafu yake ya sou 40, amfukuza mtoto akilia, na baadae ndo avunjika.

Wema wake hasa waja miaka mbele. Amebadilisha jina, amekuwa tajiri, ni meya wa mji, mamia ya watu wala kwa kiwanda chake, na asikia mtu mmoja wa watu amekamatwa, ati yeye ndiye Jean Valjean, na atahukumiwa kifungo cha maisha. Akinyamaza basi ameokoka milele. Hugo amuweka chumbani usiku mzima, kurasa kwa kurasa, ajipangia hoja za kunyamaza na hoja zenyewe ni nzuri, wallahi ni nzuri: mji wote utaanguka nikiondoka, yule jamaa huenda na yeye ni mwizi tu, masikini wangapi watalala njaa kwa ajili ya mtu mmoja? Njiani gurudumu la gari lavunjika na afurahi, asema nimejaribu, Mungu ameona. Lapatikana gari jingine. Afika mahakamani Arras, aingia, asema ni mimi. Hii ndo sura ya wema ninayoiamini, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza na kila mlango wa kutokea, na aliyetamani kutoka.

Na anayemkimbiza, Inspekta Javert, si mtu muovu. Haibi, hali rushwa, hata akidhani amemkosea meya aja mwenyewe kuomba afukuzwe kazi. Shida yake ni kwamba kwake sheria na wema ni kitu kimoja na mtu aliyewahi kuiba ni mwizi mpaka kaburini. Siku Valjean anapata nafasi ya kumuua na amuachia huru, Javert hana pa kuliweka jambo hilo kichwani mwake, amuachia naye, kisha ajitupa mto Seine. Kuna watu hapa pwani wamenifikia wakisema Javert ndiye mbaya wa kitabu na mimi huwa nawakatalia. Ni mtu aliyefikia mahali pa kugeuka, akageuka kwa tendo, na akashindwa kuishi na kule kugeuka.

Shaaban Robert naye, yule niliyesema hupenda majina yanayosema kila kitu, ana sehemu moja iliyovuka hayo yote. Adili na Nduguze, 1952. Adili ni liwali, ndugu zake Hasidi na Mwivu wamemtupa baharini kwa kijicho, na jini aliyewahi kusaidiwa na Adili amuokoa, awageuza ndugu wale manyani na kumuamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Awapiga. Kisha awalisha chakula kizuri, awabembeleza. Kila usiku. Majina yametuambia nani mwema na nani muovu lakini tukio lenyewe latuonyesha mwema akiwa na mjeledi mkononi na waovu wakiwa hawana hata ulimi wa kujitetea, na msomaji ajikuta amewahurumia Hasidi na Mwivu bila kusahau walichofanya. Ni mfalme Rai ndiye aliyeingilia akawaombea msamaha kwa majini mpaka wakarudishiwa umbo lao. Mimi naona hapo ndipo Shaaban alipoandika vizuri kuliko kwenye mahubiri yake, na mahubiri aliyapenda.

Wamebaki watu wadogo, wale wanaopita jukwaani na tray ya chai. Emilia, mke wa Iago, ndiye aliyeokota kitambaa cha Desdemona akampa mumewe kwa kuwa alikuwa akikitaka kila siku, hakuuliza cha nini. Bila kitambaa kile fitina haina ushahidi. Desdemona alimuuliza kimepotelea wapi, na akajibu hajui. Alafu mwisho, Desdemona amekufa kitandani, Emilia aelewa, na mumewe mbele ya watu amuamuru afunge mdomo aende nyumbani, yeye akataa, asema yote, achomwa kisu na mumewe akiwa anasema. Ukitafuta ndani ya tamthilia ile nzima mtu aliyerudi nyuma na kulipa bei yake, ni huyu, na kwenye majibu ya mitihani sijaona akitajwa zaidi ya neno mtumishi.

Kwetu yuko Saada, mjakazi wa mamake Liyongo. Liyongo yuko kifungoni, kila siku Saada aleta chakula, na walinzi wala kizuri wamuachia makombo. Liyongo amuimbia ujumbe kwa mama, oka mkate wa wishwa, yale makapi ya nafaka, uweke katikati tupa ya kukatia chuma, na Saada ndiye aliyeubeba ule ujumbe na ndiye aliyeupitisha ule mkate mbele ya walinzi, wakaudharau kwa kuwa ni wa wishwa, ukaingia. Angeweza kusema neno moja tu akapewa uhuru wake na Sultani, hilo nalisema mimi si utendi, lakini nani asiyejua masultani hulipaje kwa siri kama ile. Mwana wa Liyongo wa kumzaa aliahidiwa mke akamuuza babake. Saada hakuahidiwa chochote.

Kwa anayetaka kuanza kusoma kwa namna hii, anza na Adili na Nduguze kwa kuwa ni kifupi na chapatikana, kisha Mabepari wa Venisi ukiwa na mwenzako wa kubishana naye, usisome peke yako kile. Utendi wa Liyongo tafuta wa kukuimbia. Lamu mjini wapo wanaouweza, na ukipata nafasi panda boti ya Mtangawanda, gati la kisiwani Pate, uende Pate ukaulize huko, kwa sababu Pate ndiko kwa yule sultani, na huenda wao wakakusimulia Liyongo mwingine kabisa.